Muulize Hadithi Kabla ya Kumhesabia Saa

Wazazi wanaowaleta vijana kliniki kwa sababu ya gemu huja na hesabu mkononi. Mama atasema mwanawe alikaa mbele ya runinga saa mbili usiku na hadi adhana ya alfajiri mwanga ulikuwa bado unaonekana chini ya mlango. Baba atataja umeme: uniti za Luku zilizokuwa zikitosha mwezi, sasa hazifiki hata wiki tatu. Hesabu hizi ni za kweli na sina sababu ya kuzidharau. Hata hivyo, katika miaka niliyoshiriki huduma za mkoba za afya ya akili mkoani Singida, nimeona kwamba hesabu ya saa ikitangulia, humfunga kijana mdomo kuliko swali lingine lolote. Anajua ameshitakiwa. Anajibu kwa mkato, macho sakafuni, na mahojiano yanakwisha kabla hayajaanza.

Makala haya yanahusu aina moja tu ya gemu, na yanamlenga mhudumu wa afya aliyekaa upande mmoja wa meza pamoja na mgonjwa na mzazi waliokaa upande wa pili. Ni gemu ndefu za hadithi. Mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mmoja, huingia katika nchi ya kubuni yenye misitu, miji, wafalme na mazimwi, kisha huachwa huru aende atakako. Nitataja mbili zaidi ya nyingine kwa kuwa ndizo nilizozikuta. Ya kwanza ni The Witcher 3: Wild Hunt, iliyotolewa Mei 2015 na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland. Ya pili ni Assassin's Creed Origins ya Ubisoft, iliyotoka Oktoba 2017, ambayo hadithi yake hutokea Misri ya zama za Kleopatra. Hadithi kuu ya ile ya kwanza humchukua mchezaji wa kawaida saa 50 hivi, na anayetaka kuingia kila kijiji na kila pango huvuka saa 100. Mechi ya mpira ya gemu, kwa kulinganisha, huwa imekwisha chai haijapoa.

Tofauti hiyo ya urefu ndiyo inayoeleza kwa nini wachezaji hawa hawaonekani. Utemini, mtaa wa mji wa Singida ambao jina lake linakumbusha enzi za watemi, una vibanda vya gemu kama mji wowote wa Tanzania: chumba kinachotazama barabara, runinga mbili tatu, benchi, na vijana wanaopokezana pedi. Humo unatawala mpira. Malipo ni ya mechi au ya muda, anayefungwa ananyanyuka, na usiku ukiingia mwenye kibanda anawatoa wote. Gemu ya saa 100 haina nafasi mahali kama hapo. Hakuna atakayemwachia mwenzake benchi kwa miezi miwili, wala hakuna anayependa kuhifadhi safari yake katika mashine ambayo kesho mtoto wa jirani ataifuta. Kwa hiyo mchezaji wa hadithi ndefu ni yule aliyepata PlayStation 4 iliyokwishatumika, ama kutoka kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam au kwa kujinyima. Anachezea nyumbani. Na kwa kuwa runinga ya sebuleni ni ya familia nzima mchana na jioni, zamu yake huanza watu wakishalala.

Mhudumu akisikia kwamba kijana hucheza usiku, peke yake, sauti ikiwa chini, upesi huandika kuwa ni dalili ya kujitenga. Huenda ikawa hivyo. Huenda pia ikawa ratiba ya runinga tu, na swali moja linatosha kutofautisha.

Nilipoacha kuwauliza wachezaji wa Utemini wanacheza kwa muda gani, nikawauliza wamefika wapi, walinieleza mambo ambayo sikuyatarajia. Mmoja alisifu upepo. Katika The Witcher 3 miti huyumba wakati wote, mawingu hukimbia, na kabla ya mvua majani hugeuka upande. Yeye, aliyezaliwa katika mji wa miamba na upepo, alisema hajawahi kuona mahali pengine kwenye kioo panapovuma kama kwao. Mwingine alijifunza Kiingereza humo. Maneno ya wahusika huandikwa chini ya picha, na alikuwa na daftari la mistari aliloandika misamiati ambayo mwalimu wake wa sekondari hakuwahi kumfundisha, mingine ya kizamani mno isiyomfaa popote. Wa tatu alizungumzia kukatika kwa umeme kwa uchungu ambao watu wengine huuweka kwa mavuno yaliyonyeshewa: umeme ukienda kabla hujahifadhi, saa nzima ya maisha yako inapotea na unamkuta mhusika wako amesimama pale pale ulipomwacha, hakumbuki lolote.

Wote walirejea jambo moja: uamuzi. Gemu hizi humtaka mchezaji achague, na The Witcher 3 ina tabia ya kuchelewesha matokeo. Unamsamehe mtu leo, na baada ya saa kumi za mchezo unakuta kijiji kimeteketea kwa sababu ya msamaha ule. Wataalamu wa saikolojia Richard Ryan na Edward Deci wameandika kwa muda mrefu kwamba binadamu ana mahitaji matatu ya nafsi: kujiamulia mambo yake, kujiona anaweza, na kufungamana na wengine. Mwaka 2006 Ryan, pamoja na Scott Rigby na Andrew Przybylski, walionyesha kwamba mahitaji hayo hayo husaidia kueleza kwa nini watu hufurahia michezo ya video na kuirudia. Sihitaji kumweleza msomaji wa Singida maana ya hilo. Kijana aliyemaliza chuo na kupeleka barua za maombi ya kazi zisizojibiwa, anaingia usiku katika nchi ambayo kila juhudi hujibiwa papo hapo: ukifanya mazoezi ya upanga unakuwa hodari, ukimsaidia mwanakijiji anakushukuru kwa jina. Huu si upumbavu. Ni njaa ya kawaida iliyopata chakula mahali pasipo pa kawaida, na mganga anayeikemea njaa bila kuuliza ilianzaje hatafika mbali.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika The Witcher 3 mna sehemu ambayo karibu kila aliyeicheza huitaja bila kuulizwa. Shujaa, mwindaji wa mazimwi aitwaye Geralt, anamtafuta binti aliyemlea. Njiani anakutana na mtawala mmoja wa vita, mnene, mcheshi, mwenye ukarimu, ambaye wenyeji humwita Baroni wa Damu. Mkewe na binti yake wametoweka naye anaomba wasakwe. Kadiri mchezaji anavyochunguza, ndivyo ucheshi unavyobanduka kama rangi ya ukuta: Baroni ni mlevi, amempiga mkewe kwa miaka mingi, na usiku mmoja wa ugomvi mke aliharibikiwa na mimba. Kichanga kile kilifukiwa bila jina wala heshima, nacho kikageuka kiumbe cha kutisha kinachowanyemelea wajawazito. Mchezaji anaweza kukiua. Anaweza pia kumlazimisha Baroni akibebe mikononi usiku wa mvua, akizike kizingitini mwa nyumba yake na kukipa jina. Hatima ya Baroni mwenyewe hutegemea uamuzi mwingine uliofanywa mbali kabisa na hapo: katika njia moja humpeleka mkewe kutafuta tiba, katika nyingine hukutwa amejinyonga.

Mhudumu wa afya asome tena aya hiyo. Ulevi, ukatili wa majumbani, kuharibika kwa mimba, kujiua. Haya ndiyo tunayoyatafuta kila siku kwa madodoso yetu, na mgonjwa anatujibu hapana, hapana, hapana, hapana. Kijana mmoja aliyeletwa na bibi yake (nimebadili mambo machache yanayomhusu, kama nilivyofanya kwa wote ninaowataja) alinijibu hivyo hivyo. Nyumbani hakuna tatizo. Baba mzima, mama mzima. Nilipomuuliza kuhusu gemu alisimulia habari za Baroni kwa dakika ishirini, akisisitiza kitu kimoja mara tatu: kwamba mtu yule alikuwa mcheshi, na kwamba wageni wote walimpenda. Kisha akanyamaza. Sikumuuliza kama anamfahamu mtu wa namna hiyo. Nilimuuliza tu kwamba, angekuwa yeye ndiye yule binti wa Baroni, angetaka nani ajue. Alitaja jina la shangazi yake. Wiki iliyofuata tulikuwa na kikao na shangazi huyo, na ofisa ustawi wa jamii akahusishwa.

Wazee wetu hawakushangazwa na njia hii. Hadithi ya sungura na fisi ilisemwa mbele ya mtu mzima aliyestahili kuisikia, na kila mmoja alijua inamhusu nani bila mtu kutajwa. Kijana akitumia Baroni wa Poland kwa kazi hiyo hiyo, anafuata desturi kongwe kwa vifaa alivyonavyo.

Nitakaa zaidi kwenye kufiwa, kwa sababu ndiko tunakokosea wengi wetu, na kwa sababu kuna mtu wa asili ya Afrika Mashariki aliyeigusa mada hiyo kuliko wengine. Anaitwa Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza ambaye familia yake imetoka Kenya. Yeye ndiye aliyetoa sauti ya Bayek, mhusika mkuu wa Assassin's Creed Origins. Bayek ni mlinzi wa watu kutoka Siwa ambaye mwanawe mdogo, Khemu, ameuawa kwa hila ya watu waliovaa vinyago, na hadithi nzima ni safari ya kulipiza kisasi. Mapanga ni mengi, na nitasema wazi kwamba gemu hii, sawa na The Witcher 3, imepewa daraja la watu wa miaka 18 na kuendelea barani Ulaya. Mtoto wa darasa la sita hana kazi humo. Lakini katikati ya mapanga wameweka kitu kingine. Jangwani na milimani yametapakaa maduara 12 ya mawe. Bayek akifika kwenye duara, mchezaji huinua macho angani, hupanga nyota mpaka umbo litokee, na Bayek hukumbuka mazungumzo aliyofanya na mwanawe chini ya nyota zile zile: maswali ya mtoto, utani wa baba, ahadi. Hakuna adui anayeuawa pale. Mtu anakumbuka, basi.

Salim mwenyewe alifiwa na baba yake, na baadaye alianzisha studio iitwayo Surgent Studios akatengeneza gemu kutokana na msiba huo. Inaitwa Tales of Kenzera: ZAU na ilitoka tarehe 23 Aprili 2024. Si dunia iliyo wazi wala si ndefu kama zile nyingine, humalizika kwa siku chache; naitaja kwa sababu inaweza kusikilizwa yote kwa Kiswahili, jambo lililo adimu sana katika fani hiyo, na kwa sababu inasema waziwazi yale ambayo nyingine huyasema pembeni. Kijana aitwaye Zuberi amefiwa na baba, naye anasoma hadithi ambayo baba alimwachia. Ndani ya hadithi, mganga kijana aitwaye Zau anamwita Kalunga, mungu wa kifo, na kufanya naye mapatano: atamletea roho kuu tatu, naye amrudishie baba yake. Wanasafiri pamoja, mfiwa na kifo. Kila anapofika kwenye mbuyu, Zau anaweza kuketi chini yake na kuzungumza na Kalunga kuhusu huzuni yake, na akiinuka uhai wake huwa umeongezeka. Nimefanya kazi na wafiwa kwa miaka mingi na sijaona mchoro wa tiba ya mazungumzo uliochorwa kwa ufupi kuliko ule.

Sasa turudi Utemini. Msiba wetu una nguvu kubwa katika siku zake za mwanzo. Watu wanajaa uani, chakula kinapikwa, wanawake wanalala chini na mfiwa, wanaume wanakaa nje usiku kucha. Matanga yanaanuliwa, arobaini inapita, ndugu wa Manyoni na Iramba wanapanda basi, na nyumba inabaki na watu wake. Hapo ndipo huzuni ya kijana wa kiume inapoanza kazi, bila shahidi. Tangu siku ya kaburini ameambiwa ajikaze, yeye ndiye mwanamume wa nyumba sasa. Hakuna aliyemwambia lini anaruhusiwa kuacha kujikaza.

Mmoja wa niliokutana nao alikuwa wa namna hiyo. Umri miaka 22, baba amefariki miezi minane iliyopita, mama mfanyabiashara ndogondogo. Malalamiko ya mama yalikuwa gemu: Origins, usiku baada ya usiku, tangu arobaini. Nilimuuliza kijana amefika wapi. Alisema hadithi ameimaliza zamani. Nikauliza, kwa hiyo usiku anafanya nini? Akasema anazunguka. Ametafuta maduara ya mawe, amefungua 11, na kila usiku anapita jangwani kwa farasi akilikwepa la 12. Nikamuuliza sababu. Alieleza kwa utulivu kabisa kwamba kila duara lina kumbukumbu yake, na ukishafungua la mwisho Bayek hatasema neno jingine kuhusu mtoto. Hapo mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni akiwa na pochi mapajani, alianza kulia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa hao wawili kulia katika chumba kimoja.

Je, kijana huyu alikuwa mgonjwa wa gemu? Hapa tuwe makini, kwa sababu ugonjwa huo upo. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, unautambua. Mgonjwa hushindwa kujizuia: aanze lini, aache lini, acheze mara ngapi. Gemu huchukua nafasi ya kwanza kuliko shughuli na mapenzi mengine ya maisha. Naye huendelea, au huzidisha, ingawa anaona madhara. Hayo matatu hayatoshi yakiwa peke yake. Lazima yawe yameharibu kwa kiwango kikubwa masomo, kazi, familia au mahusiano yake, na kwa kawaida yawe yamedumu miezi 12, ingawa muda huo unaweza kufupishwa dalili zikiwa zote na zikiwa kali. Msomaji aangalie kile kisichokuwemo: hakuna idadi ya saa. Waliouandika uainishaji huo hawakusema saa nne ni salama na saa tano ni ugonjwa.

Ugonjwa huu pia si wa wengi kama tunavyoogopeshwa. Przybylski na wenzake walichapisha mwaka 2017, katika jarida la American Journal of Psychiatry, utafiti uliofanyika Marekani, Uingereza, Kanada na Ujerumani, wakitumia vigezo vilivyopendekezwa na madaktari wa akili wa Marekani. Zaidi ya theluthi mbili ya waliocheza gemu hawakuwa na dalili hata moja, na waliokaribia kufikia kiwango cha ugonjwa walikuwa kati ya asilimia 0.3 na 1.0 ya watu wote. Hizo ni nchi nyingine na maisha mengine, lakini zinatosha kutuzuia tusimpe kila anayekesha jina la mraibu.

Kijana wa maduara alikuwa na jambo tofauti. Toleo hilo hilo la 11 linatambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu: hamu kali ya kumtamani marehemu au kumwaza bila kukoma, pamoja na uchungu mzito wa moyo, ikidumu zaidi ya miezi 6 na kupita wazi kile kinachotarajiwa katika mila na dini ya mfiwa, na kuharibu maisha yake. Tulikuwa kwenye mpaka wa utambuzi huo. Kama ningemtibu gemu, ningemwondolea mahali pekee alipokuwa akimkumbuka baba yake na kumwachia giza tupu.

Nilisema hesabu za wazazi ni za kweli, na nisionekane nimezisahau. Mwili unadai haki yake. Kukosa usingizi peke yake huleta huzuni, hasira na usahaulifu, kwa hiyo usingizi ndio wa kwanza kurekebishwa, kabla ya mjadala mwingine wowote. Mwenye kifafa yuko kwenye hatari ya pekee: kukesha huchochea degedege kwa wagonjwa wengi, na baadhi yao huchochewa pia na mwanga unaomemeteka, acheze mchana, chumba kikiwa na taa, akae mbali na kioo, na asiruke dozi hata moja. Mwenye kisukari anayetumia insulini asichome sindano kisha akasahau kula kwa sababu vita vimenoga. Aliyekaa saa nyingi anyanyuke atembee. Na tena, kijana anayesema Baroni alifanya vizuri kujinyonga aulizwe hapo hapo, kwa maneno ya wazi, kama naye anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na rufaa ifanyike siku hiyo hiyo: hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa hali nzito zaidi, Mirembe, Dodoma.

Kwa wazazi nina ombi dogo la kiufundi. Usichomoe waya. Katika gemu hizi mchezaji hawezi kusimama popote na kuondoka bila kupoteza kitu, na kumkatisha katikati huanzisha ugomvi ambao hauhusu tena usingizi. Mpe taarifa nusu saa kabla, mwambie ahifadhi, kisha zima pamoja naye. Na kama inawezekana, mwachieni runinga jioni mara mbili tatu kwa wiki. Familia nyingi huona ajabu pendekezo hilo, daktari anaagiza gemu ichezwe sebuleni! Lakini saa mbili za jioni mbele ya watu si sawa na saa sita za usiku gizani, kwa usingizi wala kwa upweke.

Kuna baba na mama huko Norway waliohesabu saa za mtoto wao kwa huzuni. Mats Steen alizaliwa na ugonjwa wa kurithi wa misuli uitwao Duchenne, akawa kwenye kiti cha magurudumu tangu utotoni, na katika miaka yake ya mwisho alitumia sehemu kubwa ya muda wake ndani ya World of Warcraft, gemu ya kubuni ambayo maelfu huicheza pamoja kwa intaneti. Humo alijiita Ibelin, mtu mwenye miguu mizima na mbio. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi waliamini ameondoka bila kuwahi kuwa na rafiki. Walipotangaza kifo chake kwenye ukurasa wake, barua zikaanza kufika kutoka nchi mbalimbali za Ulaya: huyu aliliwazwa naye alipokuwa na msongo, yule alisaidiwa kurudi kuzungumza na mwanawe. Baadhi yao walisafiri kuja mazishini. Filamu ya maisha yake, iliyotengenezwa na Benjamin Ree, ilitoka mwaka 2024. Baba yake, Robert, amesimulia hadharani jinsi familia ilivyokuwa ikijadili saa za kulala na kudhani hakukuwa na kingine cha kujadili.

Mama wa Utemini sikumpa filamu hiyo wala dawa. Nilimwomba aketi na mwanawe jioni moja na amtake amsimulie habari za Bayek tangu mwanzo, kwa Kiswahili, kama anavyosimuliwa mtu asiyeona. Kijana naye tulimwekea vikao vya ushauri kila baada ya wiki mbili na saa ya kulala aliyoipanga mwenyewe, saa tano na nusu. Walipofika kikao cha nne mama alikuwa na maswali mengi kuliko mwanawe. Alitaka kujua kwa nini Aya, mke wa Bayek, anaomboleza kwa namna tofauti na mumewe, na kama waliotunga hadithi ile walikuwa wamefiwa. Alisema siku hizi wakifika kwenye duara la mawe yeye huzima jiko aje kutazama, kwa kuwa baada ya Bayek kumaliza kusema huwa wanazungumza kidogo kuhusu marehemu, hasa vituko vyake vya safari za kwenda shamba la alizeti. Bado anaona watu wanauawa mno humo ndani. Duara la 12 hawajalifungua. Wamekubaliana kwamba halina haraka.